Mgebuka ulioitwa sangara

Jumamosi iliyopita nilikuwa mwalo wa Kibirizi, Kigoma, kando ya Ziwa Tanganyika, na vijana sita wa kidato cha pili, simu mbili, na mgebuka mmoja juu ya turubai. Wakapiga picha, wakaiingiza iNaturalist, programu ya kutambua na kurekodi viumbe. Jina la kwanza likaja Lates niloticus, yaani sangara wa Ziwa Victoria. Mama mwenye samaki alicheka mpaka akaweka kisu chini. "Wanangu, hata mgebuka mnauliza simu?"

Kosa lile halikuwa la kipumbavu. Mgebuka, Lates stappersii, na sangara ni jenasi moja, na programu hukisia kwa kulinganisha picha yako na zile ilizofunzwa nazo. Simu yenyewe ilikuwa imezimwa huduma ya kuonyesha mahali, kwa hiyo haikujua tuko Tanganyika. Tulipowasha, orodha ikabadilika.

Siku hizi naanza na dakika tano bila simu. Chora mdomo, hesabu mapezi, tazama mkia. Rangi naiweka mwisho, maana samaki akishakufa hufifia. Kwa kuhe na ndugu zake wa familia ya Cichlidae hilo ni tatizo kubwa: ziwa letu lina aina zaidi ya 200 za jamii hiyo, karibu zote hazipatikani kwingine duniani.

Kinachowashinda vijana ni kuishia njiani. Wanataka spishi, kama vile kuandika jenasi ni kufeli mtihani. Hapo nawapeleka kwenye dagaa waliokauka. Sokoni wote ni dagaa, ila humo mna Stolothrissa tanganicae na Limnothrissa miodon, na wakishajikunja juani hata mimi naandika familia tu.

Jambo moja nimelipiga marufuku: kubonyeza "nakubali" kwa sababu picha ni ya rafiki. Rekodi yenye picha, tarehe na mahali hupanda "daraja la utafiti", yaani huhesabiwa kuwa ya kuaminika kwa watafiti, zaidi ya theluthi mbili ya waliotaja jina wakiafikiana. Marafiki wawili tu wanaweza kupandisha uongo. (Na picha za nyumbani, ficheni mahali zilipopigwa.)

Tumebaki na ubishi wa mchikichi ulio nyuma ya bweni. Ukiwa umepandwa, lazima rekodi yake iwekewe alama ya kupandwa. Ukiwa umejiotea kwa kokwa iliyodondoka, ni wa porini. Wawili wamekwenda kumuuliza mlinzi.