Je, wajua Anne wa Cleves alinusurika vipi katika ndoa ya Henry VIII?

Kati ya wake sita wa Mfalme Henry VIII wa Uingereza, wawili walikatwa vichwa. Anne wa Cleves, mke wa nne, alidumu kwenye ndoa miezi sita tu, kisha akatoka akiwa hai, tajiri, na akiitwa dada wa mfalme. Ilikuwaje?

Mambo yalianza na siasa. Mwaka 1539 Mfalme Francis I wa Ufaransa na Kaizari Charles V, aliyetawala Ujerumani na Hispania, mahasimu wa miaka mingi, walikuwa wamepatana, na Henry, aliyekwisha kujitenga na Papa, akahofia kuvamiwa. Mshauri wake mkuu, Thomas Cromwell, akageuka mshenga. Alielekeza posa Cleves, dola ndogo ya Kijerumani iliyokuwa na ugomvi wake na Kaizari. Mchoraji Hans Holbein akatumwa kumchora Anne, dada wa mtawala wa huko, aliyekuwa na miaka ishirini na kitu. Alijua kusoma, kuandika na kushona. Muziki hakufundishwa, na Kiingereza hakukijua.

Tarehe 1 Januari 1540 Anne alikuwa Rochester, njiani kwenda London, akitazama kupitia dirishani mbwa wakipiganishwa na fahali. Mwanamume mnene wa makamo akaingia, akamkumbatia na kumbusu. Alikuwa Henry, aliyejibadili mavazi kwa kuamini kwamba mchumba wa kweli humtambua mpenziwe hata akijificha. Anne hakumtambua. Akamgeuzia uso na kuendelea kutazama nje. Kuanzia siku hiyo Henry akasema hampendi.

Wengi wamefundishwa kwamba Anne alikuwa na sura mbaya. Mimi siamini. Karibu kila neno baya kuhusu mwili wake lilitoka kwa Henry na watumishi wake, tena wakati wakitafuta sababu ya kuivunja ndoa. Jina la kejeli la kumfananisha na farasi halikusikika hadi karne iliyofuata. Holbein mwenyewe hakuadhibiwa kwa picha yake. Nadhani kilichouma zaidi ni mfalme kujiona, kwa macho ya mgeni asiyemjua, kama mzee wa kawaida.

Harusi ilifungwa Greenwich tarehe 6 Januari, maana kurudisha posa kungewaudhi Cleves. Walilala chumba kimoja bila unyumba. Kufikia kiangazi, urafiki wa Ufaransa na Kaizari ulikuwa umepoa, na Henry alikuwa amempenda Catherine Howard, binti aliyemhudumia Anne. Juni Cromwell akakamatwa, naye Anne akahamishiwa kasri la Richmond. Siku chache baadaye wajumbe walifika kumwomba akubali ndoa ichunguzwe.

Hapo ndipo Anne alipojiokoa. Catherine wa Aragon, mke wa kwanza, alikataa katakata kuachwa, shauri likavutana miaka, naye akafa mwaka 1536 akiwa mbali na binti yake. Ndugu wa Anne hakuwa na jeshi la kuvuka bahari kumtetea. Anne alikubali yaishe. Alirudisha pete, akajiita dada wa mfalme katika barua yake, na akamwandikia ndugu yake kwamba ameridhika. Kwa Henry ridhaa hiyo ilikuwa na thamani kubwa: alipata njia ya kuoa tena bila vita wala kesi ndefu.

Maaskofu na makasisi waliibatilisha ndoa tarehe 9 Julai, kwa hoja kwamba Anne aliwahi kuchumbiwa na mwana wa mtawala wa Lorraine, kwamba Henry hakuridhia kwa moyo, na kwamba hapakuwa na unyumba. Tarehe 28 Julai Cromwell alikatwa kichwa, na siku hiyohiyo Henry akamwoa Catherine Howard.

Anne alipewa Richmond, kasri la Hever lililokuwa la ukoo wa Anne Boleyn, mke wa pili wa Henry, mapato ya kila mwaka, na cheo cha kutangulia wanawake wote isipokuwa mke na mabinti wa mfalme. Mwaka mpya wa 1541 alikwenda kasri la mfalme la Hampton Court, akampigia magoti yule aliyekuwa mhudumu wake, kisha wakacheza dansi pamoja. Mwaka uliofuata Catherine Howard aliuawa.

Raha haikuwa ya moja kwa moja. Henry alipofariki mwaka 1547, baraza la mwanawe Edward lilimnyang'anya Richmond, na fedha zikawa za shida. Mary, binti mkubwa wa Henry, alipotawazwa kuwa malkia mwaka 1553, Anne alipanda gari moja na Elizabeth, binti mwingine wa Henry, katika maandamano. Alifariki Julai 1557 huko Chelsea. Katika wosia wake aliwakumbuka watumishi wake, akiwaombea nafasi kwa Mary na Elizabeth. Kati ya wake wote sita, ni yeye pekee aliyezikwa Westminster Abbey, kanisa la London wanamotawazwa wafalme.