Tumbo Linalosumbua Miezi: Njoo Upimwe Kabla Hujajitibu

Malalamiko yanayotufikia kutoka mitaa ya hapa Tanga, Ngamiani, Makorora hadi Pongwe, yanafanana: tumbo linamsumbua mtu miezi sita, kapimwa mara tatu nne, kila kipimo kinasema lake. Lawama huiangukia maabara. Tunazipokea, ila sehemu kubwa ya tatizo huanza kabla mgonjwa hajafika dirishani.

Anayeshukiwa kuwa na vidonda vya tumbo hupimwa bakteria aitwaye Helicobacter pylori, na kipimo tunachokipendelea ni cha choo. Ukiwa umemeza omeprazo (dawa ya kupunguza asidi tumboni) juzi, au wiki iliyopita umemaliza amoksilini ya dukani, bakteria hupungua bila kuisha na majibu huweza kutoka hasi. Utaratibu ni huu: omeprazo na dawa za jamii yake huachwa wiki 2 kabla ya kipimo, antibiotiki wiki 4. Dawa uliyoandikiwa na daktari usiiache kwa uamuzi wako, muulize kwanza. Baada ya tiba, ambayo kwa kawaida ni siku 14, kipimo cha kuthibitisha hufanyika zikishapita wiki 4 au zaidi. Kipimo cha damu husoma kinga ya mwili, nayo hubaki muda mrefu hata bakteria wakishatoweka. Anayerudi na karatasi ya damu akisema "bado ninao" hajathibitisha chochote.

Na taifodi jamani. Tumbo la miezi sita lisilo na homa ni nadra sana kuwa taifodi, na Widal, kile kipimo cha damu cha taifodi, ya mara moja haitoshi kumwanzishia mtu sindano.

Sampuli ya choo iwekwe kwenye kikopo safi chenye mfuniko, kiasi cha punje mbili za korosho, isichanganyike na mkojo wala maji. Anayeharisha ailete ndani ya nusu saa, kwa sababu amiba akishakufa hatembei tena na ni vigumu kumtofautisha na seli nyingine chini ya hadubini. Sampuli moja haitoshi kumwondolea mtu shaka. Tunaomba tatu, siku tofauti, maana vimelea na mayai ya minyoo hayatoki kila siku. Bado tunaletewa choo kwenye kiberiti, au kwenye chupa ya dawa ya kikohozi yenye sharubati chini. Hiyo tunairudisha, na hakuna haja ya kugombana na mhudumu.

Kadi ya bima ni ya mwenye jina lake. Ukipimwa kwa kadi ya ndugu yako, kadi huzuiliwa na suala laweza kufika kwenye vyombo vya sheria. Kibaya zaidi, majibu yako yanaingia kwenye faili lake: yeye anaonekana ana ugonjwa asio nao, wewe huna kumbukumbu yoyote. Mwenye bima aje pia na barua ya rufaa pale inapotakiwa.

Hata hivyo, mara nyingi jibu limo kwenye maelezo. Maumivu huja ukiwa na njaa au ukishashiba? Yanakuamsha usiku? Tumbo hujaa gesi ukinywa maziwa, lakini mtindi hauna neno? Hapo daktari atafikiria tumbo lisiloweza kusaga sukari ya maziwa kabla ya minyoo. Njoo na pakiti za dawa zote, hata zile usizozihesabu kuwa dawa. Mbeba mizigo anayemeza diklofenaki ya mgongo kila alfajiri kabla ya kula, akiulizwa dawa anazotumia, hujibu "situmii kitu". Diklofenaki peke yake inatosha kutoboa tumbo.

Kupungua uzito bila sababu, kutapika damu, choo chenye damu au cheusi (kama hutumii vidonge vya kuongeza damu), chakula kukwama kooni: hayo hayasubiri wiki 2 za kuacha omeprazo. Anayetapika damu aje saa hiyo hiyo. Wengine huweza kupangiwa endoskopi, mpira mwembamba wenye kamera unaopitishwa mdomoni. Usile kwa saa 8 kabla yake. Kahawa ya barazani ni chakula kwa hesabu yetu, na kashata yake pia. Anayetumia dawa za kisukari au za kuzuia damu kuganda aseme siku anayopangiwa, si asubuhi akiwa tayari amelala kitandani.