Kodi ya Miezi Sita Hulipwa Siku kwa Siku: Kupanga Matumizi ya Familia Yenye Kipato cha Kila Siku

Familia nyingi za Dar es Salaam zinazofika kwetu kuomba ushauri wa fedha hueleza shida yao kwa neno moja, kwamba kipato hakitoshi. Mara nyingi ni kweli hakitoshi, na hakuna ushauri wa kubana matumizi unaoweza kugeuza shilingi elfu kumi kuwa elfu ishirini. Hata hivyo, tunapokaa na wanafamilia na kuandika kwenye daftari kila kinachoingia na kila kinachotoka, hujitokeza jambo jingine ambalo halizungumzwi vya kutosha: fedha huingia kidogo kidogo kila siku, ilhali mahitaji makubwa ya nyumba huja kwa mkupuo. Mama lishe wa Buguruni, dereva wa bodaboda wa Mbagala na fundi cherehani wa Manzese huhesabu mapato yao jioni, lakini mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa pamoja, na Januari, shule zinapofunguliwa, watoto wanahitaji sare, viatu na madaftari ndani ya wiki moja. Bajeti ya mwezi, ambayo imetungwa kwa ajili ya watu wa mshahara, haiwasaidii sana.

Kinachowasaidia ni kuvunja kila hitaji kubwa hadi lifikie kiasi cha siku moja ya kazi. Tuchukue mfano wa mama anayebakiwa na shilingi 15,000 kwa siku baada ya kutoa mtaji, anayefanya kazi siku 26 kwa mwezi, na anayekaa chumba na sebule kwa shilingi 80,000 kwa mwezi. Kodi ya miezi sita ni 480,000, na siku zake za kazi katika kipindi hicho ni 156. Kwa hiyo kila siku ya kazi inadaiwa takribani shilingi 3,100. Iwapo maandalizi ya shule ya Januari humgharimu 150,000, hayo yanadai shilingi 500 nyingine kwa siku katika mwaka mzima. Jumla ni 3,600, karibu robo ya kipato chake. Ni fedha nyingi, na wengi hushtuka wanapoliona hesabu hilo kwa mara ya kwanza, lakini ndiyo ukweli wa nyumba yao: shilingi 11,400 zilizobaki ndizo za kula, nauli, maji, umeme na dharura, wala si 15,000 kama walivyokuwa wakidhani. Tunasisitiza kuhesabu siku za kazi badala ya siku za kalenda, kwa kuwa siku ya ugonjwa au ya mvua kubwa haileti kitu, na mpango uliojengwa juu ya siku 30 utavunjika mwezi wa kwanza.

Fungu hilo la kodi na shule lisikae kwenye mkoba mmoja na fedha ya matumizi. Kibubu kinafaa kwa wiki moja au mbili, lakini kadiri fedha inavyoongezeka ndivyo kishawishi na hatari ya wizi vinavyoongezeka. Mchezo wa kupeana miongoni mwa watu wanaoaminiana ni njia nzuri zaidi kuliko wengi wanavyoichukulia, mradi mshiriki aombe zamu yake iangukie muda mfupi kabla ya kodi kuisha. Anayepokea mwanzoni mwa kipindi mara nyingi hujikuta ameitumia fedha kwa jambo jingine. Vivyo hivyo, kikoba, yaani kikundi cha kuweka akiba, kinachovunjwa Desemba kinaendana na mahitaji ya Januari, ila mgawo wa shule utengwe siku ileile ya kugawana, kabla sikukuu hazijafika.

Baada ya hapo ndipo kodi ya meza, yaani fedha ya chakula cha kila siku, ipangwe, na hapa hatushauri kupunguza chakula cha watoto. Maharage, dagaa, dona na matembele hulisha familia vizuri kwa gharama nafuu. Hasara kubwa iko katika ununuzi: anayenunua mafuta kwa kipimo na sukari kwa robo kila siku huishia kulipa zaidi kwa kila kilo kuliko jirani mwenye uwezo zaidi. Wapangaji wa nyumba moja wanaweza kuchanga na kununua mchele au maharage kwa jumla katika soko la nafaka la Tandale, kisha wakagawana, alimradi gharama ya usafiri isimeze nafuu yote.

Kuhusu umeme, mita iliyo katika kundi la matumizi madogo hulipa shilingi 100 kwa uniti, kabla ya kodi na tozo, kwa uniti 75 za kwanza za mwezi, na 350 kwa kila uniti inayozidi, wakati kundi la kawaida hulipa 292. Nyumba yenye wapangaji wengi wanaotumia LUKU (mita ya umeme wa kulipia kabla) moja ni vigumu kubaki chini ya kiwango hicho, hivyo mita tofauti ni jambo la kujadili na mwenye nyumba. Aidha, kodi ya jengo inayokatwa kupitia LUKU tangu 2021 ni wajibu wa mwenye nyumba; mpangaji anayeilipa ana haki ya kuomba ipunguzwe kwenye pango.

Linalotusikitisha zaidi ni familia inayofika siku ya kodi ikiwa mikono mitupu na kukimbilia mikopo ya kausha damu. Mkopo wa 200,000 unaorejeshwa kwa 260,000 ndani ya mwezi mmoja una riba ya asilimia 30, ilhali kikomo kilichowekwa na Benki Kuu kwa watoa huduma ndogo za fedha wa daraja la pili, yaani wakopeshaji wasiopokea amana, ni asilimia 3.5 kwa mwezi, yaani shilingi 7,000 kwa mkopo huohuo. Shilingi 53,000 za tofauti zinakaribia kodi ya wiki tatu. Mkopeshaji anayefuata Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 ana leseni na hutoa mkataba unaosomeka. Asiyekuwa navyo, au anayedai kadi ya benki na namba ya siri kama dhamana, aachwe.

Ikiwa akiba haijatimia, mwendee mwenye nyumba wiki tatu au nne kabla ya muda kuisha ukiwa na kiasi ulichonacho, na uombe kulipa miezi mitatu kwanza. Wengi wao hukubali mpangaji anayekuja mapema na fedha mkononi. Makubaliano hayo yaandikwe, yashuhudiwe na mjumbe au ofisi ya serikali ya mtaa, na kila upande ubaki na nakala yake pamoja na risiti ya kiasi kilicholipwa.