Uhakika wa siku gani?

Juzi harusini nilikalishwa meza moja na mzee mmoja mstaafu. Aliposikia kwamba kazi yangu ni utafiti wa kumbukumbu za mashahidi, akaweka soda chini. "Dokta, mtu aliyenishikia panga nimsahau? Sura yake imenasa hapa kama picha. Hata kisogo chake nakijua."

Maneno haya nimeyasikia kwa mawakili, kwa wapelelezi, kwa bodaboda, na mara moja kwa hakimu. Picha! Kumbukumbu hujengwa upya kila unapoiita, na matofali mengine huazimwa: swali la askari, habari ya redioni, alichosema shemeji.

Mwaka 1974 wanasaikolojia Elizabeth Loftus na John Palmer waliwaonyesha wanafunzi filamu ya ajali ya magari. Wengine waliulizwa kasi ya magari "yalipogongana", wengine "yalipobamizana". Baada ya wiki wakaulizwa kama waliona vioo vilivyovunjika. Havikuwepo. Kwenye kundi la neno kali, 16 kati ya 50 walisema waliviona. Kwenye kundi la neno la kawaida, 7 kati ya 50.

Mimi jaribio kama hilo hulifanya kwa bei nafuu. Kijana anaingia darasani, ananyakua mkoba wangu, anatoka mbio. Nauliza: "Kofia yake ilikuwa rangi gani?" Hakuvaa kofia. Binti mmoja wa mstari wa mbele alinijibu: "Nyekundu, imepauka kidogo pembeni." Hiyo "imepauka pembeni" ndiyo inayonitisha. Ungekuwa hakimu, usingeamini?

Mwanga, umbali, muda, silaha: hayo nayapita, mahakama zetu zinayajua. Katika kesi ya Waziri Amani ya mwaka 1980, Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilisema ushahidi wa kumtambua mtu kwa macho ni dhaifu mno, usitegemewe mpaka kila uwezekano wa kukosea uondolewe. Ndiyo maana mawakili hukomaa na chemli: iliwekwa wapi, mwanga wake kiasi gani.

Kinachonikera mimi ni "shahidi hakusita hata kidogo". Hakusita lini? Siku ya gwaride la utambuzi, pale polisi wanapompangia watu mstari amwonyeshe aliyemwona, au miaka mitatu baadaye kizimbani? Mwaka 1998 wanasaikolojia Gary Wells na Amy Bradfield walionyesha kwamba shahidi aliyekosea, ukimwambia tu "safi, umempata mtuhumiwa", uhakika wake hupanda. Na si uhakika tu: atakwambia pia kwamba alimwona vizuri na alikuwa makini tangu mwanzo. Pongezi ya leo inaipaka rangi jana, na mwenyewe hana habari. Heri angekuwa mwongo, mwongo hubanwa kwa maswali. Huyu utambana na nini?

Sasa aibu yetu watafiti. Kwa miaka mingi tulifundisha, nami nikiwamo, kwamba uhakika wa shahidi hauna uhusiano wa maana na usahihi wake. Nililisema hilo mbele ya mahakimu, nikapigiwa makofi. Mwaka 2017 mwanasaikolojia John Wixted na Wells huyohuyo wakaeleza kwamba uhakika wa mara ya kwanza kabisa, gwaride likiendeshwa sawasawa, una uzito mkubwa. Sisi tuliutia wote kapu moja, ule mbichi na ule uliokwisha kupikwa. Na hiyo "sawasawa" si ndogo: msimamizi asijue mtuhumiwa ni yupi, na maneno ya shahidi yaandikwe palepale. Tena majaribio yetu mengi ni ya sura za watu wasiojulikana, ilhali kesi nyingi za huku ni "nilimtambua jirani yangu gizani". Hapo huwa napunguza sauti.

Nikamuuliza mzee: "Siku ile ya gwaride ulisemaje?"

"Nilisema ni kama ndiye yule wa tatu. Afande akanipa mkono, akasema mzee umetusaidia sana."

"Na mahakamani?"

"Aah, mahakamani sikuwa na shaka hata chembe."

Pilau ikaletwa.