Homa imeshaisha, kapsuli za Kichina mnaendelea kumeza za nini?

Dhana inayonichosha kuliko zote ni hii: mtu kapona UVIKO au mafua makali, kikohozi kimebaki, basi anaendelea na Lianhua Qingwen, kapsuli za mitishamba ya Kichina, wiki baada ya wiki “kusafisha mapafu”. Nikimuuliza, jibu ni lile lile: “Ni mitishamba tu, haina madhara.”

Jamani, someni pakiti! Dawa hii ilibuniwa China wakati wa mlipuko wa SARS, ugonjwa mkali wa njia ya hewa, mwaka 2003, kwa ajili ya siku za mwanzo, mwili ukiwa bado unachemka. Ndani yake mna mmea wa ma huang, wenye kemikali ya efedrini: inatanua njia za hewa, ila pia inapandisha presha na kuupeleka moyo mbio. Mna da huang, mzizi unaoendesha tumbo. Mna gancao, mzizi mtamu ambao ukitumiwa sana huufanya mwili ukamate chumvi na kupoteza madini ya potasiamu. Sasa mzee wa presha, anayemeza dawa ya kukojosha ambayo nayo inapunguza potasiamu, anaongeza na hii. Misuli inalegea, moyo unadunda ovyo, usingizi hapati, halafu anasema UVIKO umerudi.

Hata kwa kanuni za tiba ya Kichina yenyewe, hayo ni makosa. Waganga wake hutenganisha hatua: homa ikiwepo, huondoa joto, homa ikiisha, mgonjwa kabaki mchovu na koo kavu, hugeukia dawa za kujenga mwili kama Sheng Mai San. Na hiyo nayo ina ginseng, mzizi unaoweza kuvuruga kazi ya warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda; anayetumia warfarini asiiguse kabla ya kuja famasia kuniuliza.

“Nakohoa, kwa hiyo virusi bado vimo.” Mara nyingi hapana. Njia za hewa zimebaki na uvimbe, zinashtuka kwa vumbi na baridi, na kikohozi hicho huweza kukaa wiki 3 hadi 8. Lakini kwetu huku, kikifika wiki 2, kapime TB kwanza.

“Dawa mseto ya malaria imetoka kwa Wachina, basi zao zote zimethibitishwa.” Mwanasayansi wa China, Tu Youyou, alipewa Nobel mwaka 2015 kwa artemisinini, msingi wa dawa mseto hiyo, iliyochujwa kutoka mmea mmoja na kujaribiwa kwa malaria. Haithibitishi kapsuli ya kikohozi.

“Jilazimishe mazoezi, jasho litoe ugonjwa.” Usithubutu. Tembea taratibu, ukiamka kesho umechoka zaidi, punguza.

Na ukija famasia, njoo na pakiti yenyewe pamoja na dawa zako zote za presha na sukari.