Fremu kwa sekunde: namba ya pembeni inayowagombanisha marubani wa nyumbani

Ukikaa na watu wanaorusha ndege kwenye kompyuta, dakika kumi haziishi kabla mmoja hajauliza: "Wewe unapata fremu ngapi?" Mmoja atasema 60, mwingine 35, wa tatu atajikausha kwa sababu yake ni 22. Ajabu ni kwamba huyo wa 35 huenda anaona picha laini kuliko wa 60, na hakuna hata mmoja kati yao anayejua kwa nini.

Fremu ni picha moja kamili ambayo kompyuta imeichora na kuipeleka kwenye skrini. Simyuleta, yaani programu ya kurusha ndege kwenye kompyuta, haina video iliyorekodiwa ikangoja kuchezwa. Kila picha inachorwa palepale, kulingana na mahali ndege ilipo na upande unaotazama. Zikichorwa picha 30 ndani ya sekunde moja, basi unapata fremu 30 kwa sekunde. Menyu huandika FPS, na wengi wetu tunasema fremu tu.

Sinema hutosheka na fremu 24 na televisheni zetu zimezoea 25, kwa hiyo mtu ana haki ya kuuliza kwa nini simyuleta ikishuka hadi 24 tunalalamika. Kamera huacha ukungu wa mwendo ndani ya kila picha, na ukungu huo ndio unaounganisha picha moja na inayofuata. Picha ya kompyuta hutoka kavu, kila moja na mipaka yake. Zaidi ya hilo, mtazamaji wa sinema hajashika usukani. Wewe unavuta usukani halafu unangoja picha inayofuata ikuambie kama ndege imesikia.

Nikimweleza mtu dhana hii kwa mara ya kwanza humwomba aigeuze hesabu: asihesabu fremu kwa sekunde, ahesabu milisekunde kwa fremu. Kwa fremu 60, kila picha ina milisekunde 16.7 za kutengenezwa. Kwa fremu 30 ina 33.3. Kwa 20 ina 50. Ukishafikiri hivyo, utaona kwamba namba ya pembeni ya skrini ni wastani tu, na wastani huficha mengi.

Chukua mpiga ngoma aliyepiga mapigo 60 katika dakika moja. Kama 50 aliyapiga kwa haraka mwanzoni, akapumzika, kisha akamalizia kumi ya mwisho, hesabu ni 60 ileile lakini hakuna aliyeweza kucheza. Fremu nazo ziko hivyo. Picha 59 zinaweza kutoka mbiombio ndani ya milisekunde 700, kisha ya 60 ikakwama kwa milisekunde 300. Kipimo kitaandika 60 bila haya, huku jicho lako likiona ndege imeganda. Huo ndio tunaouita kugugumia. Ndege kubwa inayokaribia barabara ya kutua kwa mwendo wa noti 140 (noti moja ni maili moja ya baharini kwa saa) inakwenda mita 72 kila sekunde. Katika kile kigugumizi cha milisekunde 300 imesogea zaidi ya mita 21, na imeshuka karibu mita moja, wakati wewe bado unatazama picha ya zamani. Mita moja hiyo, pale unapoinua pua ili kugusa lami, ndiyo tofauti kati ya kutua na kuangusha ndege.

Kwa hiyo ukiniuliza nichague, nitachukua fremu 30 zilizopangana sawasawa kuliko 50 zinazorukaruka. Wapo watakaobisha. Waache wabishe hadi watakapojaribu kutua wakiwa na upepo wa ubavuni.

Nani anaichelewesha picha

Hapa ndipo pesa nyingi zinapopotea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Fremu moja hupita mikono miwili. Prosesa inafanya hesabu: mabawa yanabeba kiasi gani, upepo unatoka wapi, kompyuta za ndani ya ndege zinasema nini, ndege nyingine ziko wapi, majengo gani yanastahili kuonekana. Ikimaliza, inaikabidhi kadi ya picha kazi ya kuchora. Ni kama watu wawili wanaopika chapati, mmoja anasukuma na mwingine anachoma. Anayesukuma akiwa mzito, kikaango kinabaki kitupu. Hapo ukinunua jiko kubwa zaidi, chapati haziongezeki hata moja.

Mimi nililinunua hilo jiko kubwa. Niliuza kadi ya picha niliyokuwa nayo, nikajinyima miezi kadhaa, nikafunga mpya. Fremu uwanjani zilikuwa 27. Baada ya kufunga kadi mpya zikawa 28. Mawingu yalipendeza, hilo nakiri.

Sababu ni kwamba simyuleta si kama gemu la mpira. Gemu la mpira lina uwanja mmoja, na kilicho nje ya uwanja ni picha ya kubandika. Simyuleta haina ruhusa ya kudanganya kiasi hicho, kwa kuwa ukiwa futi 35,000 unaona mji mzima na miji ya jirani, na skrini za kioo ndani ya chumba cha rubani nazo zinachorwa upya mara nyingi kila sekunde. X-Plane, simyuleta ya kampuni ya Laminar Research, inazikata mbawa vipande vipande na kukokotoa nguvu ya hewa juu ya kila kipande ndege ikiwa inaruka. Kazi nyingi za namna hii ni lazima zifuatane, haiwezekani kuwapa watu wanane wazifanye kwa pamoja. Ndiyo maana prosesa yenye viini 16 inaweza kuwa na kiini kimoja kinachotoka jasho huku 15 vikipiga soga. Microsoft Flight Simulator ya 2020 ilisifika kwa ugonjwa huo. Ya 2024 imejitahidi kugawa kazi vizuri zaidi.

Ndiyo maana pia wanasimyuleta walizipokea kwa shangwe prosesa za AMD zenye alama ya X3D. Ryzen 7 5800X3D, iliyotoka 2022, si ya kasi ya ajabu kwenye karatasi. Ila ina megabaiti 96 za kumbukumbu ya karibu, ile inayokaa ndani ya prosesa yenyewe, na simyuleta inapenda kuwa na vitu vyake karibu badala ya kuvifuata kwenye RAM, ile kumbukumbu kuu iliyo nje ya prosesa, kila mara.

Kabla hujanunua chochote, pima. Njia isiyohitaji programu yoyote ni hii: shusha ukubwa wa picha, tuseme kutoka 2560 kwa 1440 hadi 1280 kwa 720, ukiwa umesimama mahali palepale na ndege ileile. Fremu zikipanda sana, kadi ya picha ndiyo iliyokuwa imelemewa. Zisipotikisika, tatizo liko kwa anayesukuma. Kwenye Microsoft Flight Simulator unaweza kuwasha hali ya wasanidi programu kwenye mipangilio, ukafungua kisanduku cha FPS, nacho kitakutajia mkosaji kwa jina, ama MainThread (prosesa) ama GPU (kadi ya picha). X-Plane huonyesha muda wa CPU, yaani prosesa, na wa GPU kando kando ukichagua mstari wa fremu kwenye data za kuonyeshwa.

Mkosaji akiwa prosesa, kwenye Microsoft Flight Simulator punguza vile vitelezi viwili (vidude vya kusogeza kwenye mipangilio) vya kina cha ardhi na kina cha vitu, punguza ndege na magari ya uwanjani, na punguza kasi ya kuburudishwa kwa skrini za chumba cha rubani. Kwenye X-Plane, anza na wingi wa vitu vya dunia. Mkosaji akiwa kadi ya picha, gusa mawingu, vivuli, na ule ulainishaji wa kingo. Watu wengi hufanya kinyume: wanazima vivuli vyote, dunia inakuwa mbaya kama karatasi, na fremu ziko palepale.

Kipimo pia kinategemea ulipo. Ruka na Caravan, ndege ndogo ya injini moja, kutoka Dar es Salaam kwenda Unguja, safari fupi ambayo ndege za aina hiyo huifanya kweli kila siku. Katikati ya mkondo wa bahari fremu zitapaa, kwa kuwa chini ni maji na hakuna nyumba za kuhesabu. Chukua kompyuta hiyohiyo uende ukae na ndege kubwa ya abiria kwenye uwanja wa Heathrow, London, katikati ya ndege nyingine hamsini, utadhani kuna mtu amekuibia nusu ya prosesa. Anayekwambia anapata 60 bila kutaja uwanja wala ndege hajakuambia kitu.

Skrini nayo ina mdundo wake

Skrini nyingi za kawaida hujiburudisha mara 60 kwa sekunde, upende usipende. Simyuleta ikitoa fremu 45, hazigawanyiki sawa juu ya mapigo 60: picha mbili zinakaa pigo moja moja, ya tatu inakaa mawili. Jicho linaona mwendo unaochechemea. Fremu zisipooanishwa na mdundo wa skrini, utaona pia picha imechanika katikati, nusu ya juu ni ya awali na nusu ya chini ni ya sasa.

Dawa ya bei rahisi kuliko zote ni kuweka kikomo cha 30. Kila picha inakaa mapigo mawili kamili, na prosesa inapata nafasi ya kupumua pale mzigo unapoongezeka ghafla. Namba itashuka kutoka 45 hadi 30 na mwendo utakuwa laini zaidi. Mara ya kwanza inakera kuamini. Skrini zinazobadilisha mdundo wake kufuata kadi ya picha zinaondoa sehemu kubwa ya tatizo hili, lakini bei yake unaijua.

Siku hizi kuna kadi zinazobuni fremu za katikati: zinachukua picha mbili za kweli na kupachika moja ya kukisia kati yake. Kipimo kinaruka kutoka 30 hadi 60, na kwa kutazama mandhari ni raha. Ila usukani bado unajibiwa na zile 30 za kweli, kwa hiyo usiitegemee ikuokoe wakati wa kutua. Kwa miwani ya uhalisia pepe hali ni kali zaidi, kwani miwani mingi inataka 72 au 90, na fremu zikigugumia kinachofuata ni kichefuchefu. Nilijaribu kwa dakika kumi na tano, nikalala saa mbili.

Vitu vya kwetu

Ushauri mwingi wa hobi hii huandikwa na watu wanaokaa kwenye baridi. Laptopu ikiwa kwenye chumba cha Mombasa au Dar mwezi wa pili, prosesa ikipata joto kupita kiasi inajipunguzia kasi yenyewe ili isiungue. Dalili yake ni hii: dakika ishirini za kwanza mambo safi, kisha fremu zinaporomoka bila wewe kugusa kitu. Kabla hujalaumu programu, inua sehemu ya nyuma ya laptopu ipate hewa, toa vumbi kwenye feni, na usiiweke juu ya godoro. Hakikisha pia umechomeka umeme, kwa maana ikitumia betri laptopu nyingi hujibana.

Jambo la pili ni bando. Microsoft Flight Simulator huvuta picha za ardhi kupitia intaneti kadiri unavyoruka, na toleo la 2024 linategemea mtandao zaidi ya lile la 2020. Mtandao ukisuasua, ardhi inakuwa ukungu na wakati mwingine picha inagugumia, ingawa kompyuta haina kosa. X-Plane huweka mandhari yake kwenye diski. FlightGear ni ya bure kabisa, na mtu mwenye mashine ya zamani anaweza kuanzia hapo bila kuona aibu.

X-Plane ina tabia moja inayowashangaza wageni. Fremu zikishuka chini ya 20 hivi, haikubali hesabu zake za hewa ziharibike. Badala yake inapunguza mwendo wa muda wenyewe. Sekunde moja ya saa ya ukutani inakuwa pungufu ya sekunde ndani ya simyuleta. Ukiwa peke yako hutagundua. Ukiwa kwenye VATSIM, ule mtandao ambao watu wa kujitolea huongoza ndege kwa sauti, mwongozaji ataona unajikokota kuliko ndege iliyo mbele yako, na ya nyuma inakukaribia. Atakuuliza mwendo wako, utamjibu noti 180 kwa uaminifu kabisa, na kwenye skrini yake utaonekana mwongo. Hapo fremu zimeacha kuwa suala la urembo na zimekuwa shida ya mwenzako, kwa hiyo kabla ya kuingia mtandaoni punguza mipangilio hadi uwe na akiba juu ya hiyo 20 hata kwenye uwanja wenye msongamano.

Ukikwama na ukataka kuuliza wenzako, taja prosesa, kadi ya picha, kiasi cha RAM, ukubwa wa picha kwenye skrini, ndege, uwanja, na kama ulipima ni nani mkosaji. Kwa maelezo hayo utapata jibu la maana jioni hiyohiyo. Ukiandika tu "fremu zangu ni mbovu, nisaidieni", utashauriwa ununue kadi mpya ya picha.

Mimi nimefunga 30, vitelezi viko katikati, na nikishamaliza kupanga nakizima kile kisanduku cha namba.