Linux kwenye kompyuta ya nyumbani: yanayosemwa na yaliyo kweli

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10. Masasisho ya usalama sasa ni kwa waliojiandikisha kwenye mpango wa muda wa nyongeza tu. Kwa anayenunua laptopu za mtumba jambo hili si la mbali. Chukua HP EliteBook 840 G3, moja ya zile zinazoitwa "ex-UK" Nairobi. Prosesa yake ni Intel ya kizazi cha 6, na Windows 11, kwa masharti yake rasmi, inataka kizazi cha 8 kuendelea pamoja na chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0. Mashine haina ubovu wowote, ila mlango umefungwa.

Ndiyo maana watu ambao hawakuwahi kuifikiria Linux, mfumo endeshi wa bure unaoweza kuwekwa badala ya Windows, sasa wanaulizia. Majibu wanayopewa huwa mchanganyiko wa kweli na uvumi, mengine kutoka kwa wanaoiogopa, mengine kutoka kwa mashabiki wake. Kwa maoni yangu mashabiki ndio wanaopotosha zaidi, kwa sababu mtu huwaamini.

"Lazima uwe fundi, ni kuandika amri kwenye skrini nyeusi"

Hili limepitwa na wakati. Linux Mint, moja ya aina za Linux (kila aina huitwa distro), ina menyu chini kushoto, ina saa chini kulia, na ina duka la programu ambamo unabonyeza na kusakinisha kama kwenye simu. Tena simu yenyewe, ikiwa ni ya Android, inaendeshwa na kiini hicho hicho cha Linux ambacho Linus Torvalds alianza kukiandika mwaka 1991 akiwa mwanafunzi Helsinki.

Skrini nyeusi bado ipo, na utakutana nayo ukiomba msaada. Sababu ni kwamba mstari mmoja wa amri unatumwa kwa WhatsApp na unafanya kazi ile ile kwenye mashine yako na ya mwenzako, wakati maelezo ya "bonyeza hapa, kisha pale" hubadilika kila toleo. Tahadhari ni moja: amri inayoanza na sudo inapewa mamlaka yote juu ya kompyuta. Usiibandike kabla hujajua inafanya nini.

"Cha bure ni duni"

Mwaka 2019 IBM iliinunua Red Hat, kampuni iliyojengwa juu ya Linux, kwa dola bilioni 34. Tangu Novemba 2017 kompyuta zote 500 zenye kasi kubwa zaidi duniani, kwa orodha ya TOP500, zinaendeshwa na Linux. Ubuntu, distro nyingine, ilitoka mwaka 2004 chini ya Canonical, kampuni ya Mwafrika Kusini Mark Shuttleworth, ambayo hujipatia pesa kwa kuuzia mashirika huduma. Wanaolipwa kuitunza, basi, wapo.

Na tukizungumzia bure, Windows "iliyokrakiwa" ambayo fundi anakuwekea haistahili jina hilo. Programu ya kuiamilisha kwa wizi huanza kwa kukuomba uzime kinga ya virusi. Ukishakubali hilo, huna tena haki ya kushangaa kinachofuata.

"Linux inafufua kompyuta yoyote"

Hapa ndipo mashabiki wanapowaumiza watu. Ni kweli kwamba mfumo wenyewe ni mwepesi. Mint yenye Xfce, mwonekano mwepesi wa skrini, ikishawaka na kabla hujafungua kitu, haiibani RAM. Lakini hakuna anayewasha kompyuta ili aitazame. Unafungua kivinjari, unafungua YouTube, barua pepe na Facebook, na kurasa hizo zina uzito ule ule uwe Linux au Windows. Mashine ya RAM ya GB 2 itakwama hapo hapo. Watengenezaji wa Mint wenyewe wanaandika GB 2 kuwa kiwango cha chini na kupendekeza GB 4. Mimi ningesema GB 4 ndiyo pa kuanzia, na GB 8 ndiyo pa kupumulia.

Kisha kuna mashine za zamani zenye prosesa ya bit 32. Mint iliziacha kuanzia toleo la 20, mwaka 2020. Debian, distro iliyokuwa kimbilio la mashine hizo, ilitoa toleo la 13 Agosti 2025 bila kisakinishi cha kompyuta za aina hiyo. Google Chrome ya Linux iliziacha tangu 2016. Ukiwa na mashine ya namna hiyo, bado unaweza kuichapia barua, lakini usimwahidi mtoto kwamba atasomea mtandaoni.

Ukiniuliza pesa kidogo uliyo nayo uiweke wapi, jibu langu halina Linux ndani yake: ondoa diski ya kuzunguka, weka SSD, diski isiyo na kitu kinachozunguka ndani. Tofauti inayoletwa na SSD kwenye laptopu ya miaka kumi ni kubwa kuliko tofauti kati ya distro yoyote na nyingine. Betri iliyokufa, feni iliyojaa vumbi na bawaba iliyovunjika, hizo hakuna mfumo endeshi unaozitibu.

"Kuchagua distro ndiyo kazi kubwa"

Distro ni nyingi mno, na mabishano juu yake hayaishi. Kwa kompyuta ya nyumbani tofauti za maana ni tatu: inaungwa mkono kwa muda gani, inakula bando kiasi gani, na jirani yako anatumia ipi. La tatu nalipa uzito zaidi. Kama binamu yako anatumia Ubuntu na anaishi mtaa wa pili, weka Ubuntu.

Asiye na binamu wa hivyo aanze na Linux Mint: mwonekano wa Cinnamon kama ana RAM ya GB 8, wa Xfce kama ana GB 4. Mint 22 imejengwa juu ya Ubuntu 24.04 na itahudumiwa hadi 2029, kwa hiyo hutalazimika kubadilisha toleo leo wala kesho. Fedora ni nzuri, lakini hutoa toleo jipya karibu kila miezi sita na kila toleo huhudumiwa kama miezi 13. Kwa anayenunua bando la wiki, hiyo ni gharama. Suala la bando linahusu hata faili la kuanzia. La Mint ni karibu GB 3, la Ubuntu linakaribia mara mbili ya hapo. Debian ina kisakinishi kidogo kisichofika GB 1, ila kitapakua mengine wakati wa kusakinisha, kwa hiyo usidhani umeokoa yote. Ukishasakinisha Mint, fungua mipangilio ya vyanzo vya programu uchague seva iliyo karibu, ya Kenya au ya Afrika Kusini, kama inajibu haraka.

Kuna chaguo moja ninalolipinga waziwazi. Vijana wengi huweka Kali Linux kama mfumo wao wa kila siku kwa sababu wameona wadukuzi wakiitumia. Kali imetengenezwa kwa ajili ya wapimaji wa usalama wa mitandao, na maelezo yake rasmi yenyewe yanamshauri mgeni wa Linux asianzie hapo. Kuisakinisha hakukufundishi udukuzi.

"Linux haiingii virusi"

Vile virusi vya flashi vinavyogeuza mafolda yote kuwa shortcut, unavyovibeba kutoka steshenari, kweli havitaishika. Vimeandikwa kwa ajili ya Windows. Lakini flashi yako itaendelea kuvibeba hadi kwenye kompyuta ya ofisini, na Linux haitakuambia neno.

Kuna hatari kubwa kuliko hizo. Tarehe 20 Februari 2016 wavamizi waliingia kwenye tovuti ya Linux Mint na kuwaelekeza wapakuaji wa Mint 17.3 Cinnamon kwenye faili lililopandikizwa mlango wa siri. Machi 2024, Andres Freund, mhandisi wa Microsoft, aliona kwamba kuingia kwenye seva kwa SSH (njia ya kuingia kwenye kompyuta ukiwa mbali) kunachelewa kwa karibu nusu sekunde kuliko kawaida. Alipofuatilia akakuta mlango wa siri ndani ya xz, programu ndogo ya kubana mafaili iliyomo karibu katika kila distro. Matoleo yale yalikuwa bado hayajasambaa kwenye distro za watu wa kawaida. Msimbo wa programu hiyo kuwa wazi kwa yeyote kuusoma ndiko kulikomwezesha kuuona, lakini mtu alihitajika autazame.

Kwa nyumbani somo la mwaka 2016 linatosha: pakua kutoka tovuti rasmi, kisha linganisha namba ya SHA256 (alama ya utambulisho) ya faili lako na iliyoandikwa pale. Faili la kunakili kwa rafiki, ambalo bando linatushawishi kulipokea, ndilo linalohitaji ukaguzi huo kuliko yote.

"Ukiisakinisha utapoteza kila kitu" na kinyume chake, "weka pembeni ya Windows, haina shida"

Zote mbili zina makosa. Kisakinishi cha Mint au Ubuntu kinakuuliza: kifute diski nzima, au kijipange pembeni ya Windows? Hakifuti bila kuambiwa. Data inayosahaulika ni ile ya kwenye flashi unayosakinishia, kwa sababu Rufus na balenaEtcher, programu za kuandaa flashi hiyo, huifuta yote.

Kuweka mifumo miwili kuna mitego yake, na hii ndiyo sehemu inayostahili subira yako.

Wa kwanza ni BitLocker, usimbaji wa diski wa Windows. Laptopu nyingi za Windows 11 husimbwa diski zake bila mwenyewe kujua. Ukigusa mpangilio wa kuwasha mashine, Windows inaweza kukudai ufunguo wa tarakimu 48. Uchukue kwenye akaunti yako ya Microsoft kabla hujaanza, uuandike kwenye karatasi.

Wa pili: Windows, ukiizima kwa kawaida, haizimiki kabisa. Kipengele cha Fast Startup huiacha sehemu ya diski yake ikiwa nusu wazi, na Linux itakataa kuandika humo. Kizime kwenye mipangilio ya umeme ya Windows.

Wa tatu ni kisakinishi kutoiona SSD kabisa. Mara nyingi BIOS, mipangilio ya kuwashia mashine, imewekewa diski kwenye hali ya RAID au Intel RST badala ya AHCI. Usibadilishe hovyo, maana Windows haitawaka tena isipokuwa umeiandaa kwanza kwa kuiwasha katika hali salama.

Wa nne hauna madhara ila unachanganya. Linux huhesabu saa ya ndani ya mashine kuwa ni ya UTC (saa ya kimataifa), Windows huihesabu kuwa ni ya hapa. Sisi tuko saa tatu mbele ya UTC, kwa hiyo ukirudi Windows saa nane mchana utaikuta inasema saa tano asubuhi. Amri timedatectl set-local-rtc 1 kwenye Linux huzimaliza tofauti hizo.

Na wa tano hauandikwi kwenye miongozo ya Ulaya: umeme. Kukatika wakati kisakinishi kinaipunguza sehemu ya Windows ndiko kunakoharibu data kweli. Kama betri haishiki chaji, ngoja siku ambayo hakuna mgao.

Secure Boot, kinga inayokagua mfumo mashine inapowaka, ambayo wengi huambiwa waizime, si kikwazo kwa Ubuntu, Fedora, Debian wala Mint.

"Word, printa na intaneti havitafanya kazi"

Hapa jibu linategemea kazi yako, na anayekupa jibu moja kwa wote anabahatisha. LibreOffice, mbadala wa bure wa Microsoft Office, inafungua mafaili ya docx. Kinachovuruga ni fonti. Calibri na Cambria haziruhusiwi kugawiwa bure, kwa hiyo Linux hutumia Carlito na Caladea, ambazo herufi zake zina upana ule ule na mistari haisogei. Lakini Aptos, fonti mpya ya Microsoft 365, haina pacha wa kuaminika, na CV ya kurasa mbili inaweza kumwagikia ya tatu. Tuma PDF. Jedwali la Excel lenye makro (amri zinazojiendesha ndani yake) ni jambo jingine: mkazi wa Kenya anayejaza ritani za kodi za KRA kwa faili la namna hiyo alipime mapema, asisubiri mwisho wa Juni. Photoshop, AutoCAD na programu nyingi za uhasibu za kusakinishwa hazina toleo la Linux. Kama mkate wako umo humo, baki na Windows, wala usione haya.

Printa nyingi za HP hufanya kazi bila jasho, kwa sababu HP hutoa HPLIP, draiva zake za Linux. Epson nyingi za mfululizo wa L nazo ni sawa. Canon za zamani za leza zinazotumia mfumo wa Canon uitwao CAPT, kama LBP2900, ni usumbufu.

Chipu ya Wi-Fi ya Broadcom ndiyo hugoma mara nyingi. Dawa yake iko mfukoni: unganisha simu kwa waya wa USB, washa kushiriki intaneti, na Linux itaitambua papo hapo. Kisha pakua draiva.

Yote hayo unaweza kuyajua kabla ya kusakinisha. Iwashe mashine kwa flashi (F9 kwa HP, F12 kwa Dell na ThinkPad), chagua kujaribu, kisha fungua CV yako, chapisha ukurasa mmoja kwa printa yako, unganisha Wi-Fi ya nyumbani, funga kifuniko na ukifungue uone kama inaamka. Kasi usiipime hapo: kwenye flashi kila kitu ni kizito, hata kwenye mashine ambayo ikishasakinishwa itaruka.